Mlangoni pa Boila

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza! Mwanagenzi wa ufundi wa boila, yale matangi makubwa ya chuma ya kutengeneza mvuke. Miaka miwili ya chuo — hesabu, kusoma michoro, kuchomelea mpaka macho yanawasha kama yametiwa mchanga — na bado minne mbele kabla sijaitwa fundi. Mama kauliza kama hakukuwa na kazi ya kukaa kwenye kiti. Nikamwambia ipo, ila haijanipenda.

Msimamizi aliniangalia mikono, si uso. Kasema nitaanza kwa kusugua kutu. Haya.

Jumatano, 6 Machi

Kutu. Mgongo si wangu tena.

Nimewekwa chini ya fundi wanayemwita Mnara, kwa urefu. Kila akiingia ndani ya boila anajikunja kama kisu cha mfukoni, na wenzake wanamuuliza kama miguu itabaki nje. Anacheka nao. Mdogo wake naye ni fundi hapa hapa — huyo hana mzaha, salamu yenyewe anaitoa kwa shida.

Mnara kanifundisha kuvuta mshono wa kuchomelea polepole. Kasema mkono wangu una haraka kama wa mtu anayeachwa na gari.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimekalishwa mlangoni pa boila. Mlango wenyewe ni tundu tu, mabega yanapita kwa kubembelezwa. Fundi akiwa ndani, mimi nakaa pale, namwangalia, nashika kamba iliyofungwa kwenye mkanda wake. Nikivuta, namuuliza hali. Akivuta, yu salama.

Msimamizi karudia sheria mpaka masikio yakachoka: likitokea la kutokea, piga filimbi, usiingie. Hata awe nani mle. Gesi ya kuchomelea haina harufu, inafukuza hewa na kutuama chini kama maji. Anayeingia kumwokoa mwenzake, anakwenda kulala pembeni yake.

Nikasema nimeelewa.

Ijumaa, 15 Machi

Mikono bado ina masizi. Naandika hivyo hivyo.

Umeme ulikatika baada ya chai. Feni ya kuingiza hewa ikanyamaza. Nikamwita Mnara atoke. Akaitika, anafunga gesi kwanza. Nikavuta kamba, akajibu. Nikavuta tena — kimya. Nikamulika tochi. Amelala ubavu, uso umegeukia chuma.

Filimbi! Nikapiga mpaka pumzi ikaisha. Nikavuta kamba kwa nguvu zote, lakini mguu wake ulikuwa umenasa kwenye ngazi ya ndani. Hakusogea.

Mdogo wake akaja mbio. Hakuuliza kitu, akachomeka kichwa tunduni. Nikamshika mkanda, nikamvuta, tukaanguka wote sakafuni. Akanizaba kofi.

"Niachie! Ni kaka yangu mle! Basi ingia wewe, wewe ni mwembamba!"

Kweli mimi ni mwembamba. Ningepita bila taabu. Nikaziba mlango kwa mgongo wangu. Mnara yuko nyuma yangu, karibu hivyo, na mimi ndiye niliyemfungia.

Waokoaji wa kiwanda wakaja na mitungi ya hewa mgongoni. Wakamtoa. Anapumua. Hajaamka.

Jumapili, 17 Machi

Hospitali. Hajaamka.

Mpira wa gesi ulikuwa umetoboka, sasa ndiyo wamegundua. Wengine kazini wanasema nilifanya sawasawa. Wengine hawasemi, wananipisha tu nikipita.

Mke wa Mnara alinifuata kwenye korido. Kauliza taratibu, wewe ndiye uliyekuwa mlangoni? Nikaitika. Mume wangu alikuita? Alisema chochote? Nikamwambia hapana, shemeji, hakuita. Akanishukuru! Afadhali angenitukana.

Mdogo wake Mnara alikuwa kwenye benchi la pili. Hakuinua macho. Shavu langu bado lina alama, na sina hasira naye hata kidogo. Ingekuwa ni Mama mle ndani, ningemsikiliza nani?

Mama kasema niache kazi. Nikafua nguo za kazi.

Jumanne, 19 Machi

Mapumziko ya mchana, naandikia gotini.

Jana Mnara alifungua macho, kisha akayafumba tena. Daktari hatoi neno la kushika.

Boila ni ile ile, lazima imalizwe. Mpira mpya. Feni ina jenereta yake. Hewa inapimwa kabla ya mtu kuingiza hata kidole. Asubuhi msimamizi akauliza nani anaingia. Watu wakatazama viatu vyao. Mdogo wake Mnara akanyoosha mkono.

Msimamizi akamuuliza anamtaka nani mlangoni. Akanielekeza kidole.

"Huyu."

"Una hakika?"

"Huyu hataingia."

Sijui kama ilikuwa sifa au tusi. Nikaenda kukaa mlangoni.

Asubuhi nzima nimevuta kamba, na kila mara amejibu. Akichelewa kidogo tu, navuta tena.

Wengine bado wanakula. Yeye kashasimama pale kwenye tundu, kavaa mkanda, kajifunga kamba mwenyewe. Ananinyooshea ncha ya pili, uso kaugeuzia pembeni. Anangoja — naenda