Kamba za Mzigo

Ipuli, Tabora, 1946

Mjukuu wangu, mume wangu Kasimiri,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Mimi nasema, Apolinaria anaandika. Mbuzi kazaa mapacha. Eti unashindwa kuwatafsiria mateka wa Kitaliano neno la Kiingereza, 'discharge', lenye maana ya kuachiwa, tena kufukuzwa, tena kutoka usaha? Neno gani hilo, lina kidonda? Unaogopa wakidhani wanafukuziwa kambi nyingine, kumbe wanarudishwa kwao, watafanya fujo. Kitaliano nakijulia wapi, baba! Ila babu yako alibeba pembe mpaka pwani na watu wa lugha kumi. Safari ilipoisha, kiongozi wao hakutafuta neno, alifungua kamba za mzigo wake mbele yao, wote wakaanza kucheza. Basi andika tangazo lao utakavyoweza, halafu warudishie vifurushi vyao, uvifungue kwa mkono wako. Watajua.

Nawe jeshi likikuachia, usiniandikie neno. Njoo ufungue mzigo wako hapa mlangoni.

Bibi yako anayekungoja, Josepha