Yule Anayebaki Kwenye Pampu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Unyambwa tumemaliza kuvuna alizeti. Shangazi yako amerudi Manyoni, nyumba nimebaki mimi na kuku.

Unauliza kama wamekuonea huko chuo cha zimamoto kukupanga kwenye pampu, wakati wenzako wanaingia motoni.

Mchana mmoja, nikiwa askari kijana wa zimamoto, ghala la pamba liliwaka. Rafiki yangu Hamisi aliingia na mpira wa maji, nami nikabaki kwenye gari kuendesha pampu. Moshi ukamfunika. Watu wakanizunguka wakisema, "Ongeza maji, wewe!" Lakini tangi lilikuwa linakwisha, na gari la pili halijafika. Ningeongeza, maji yangekatika Hamisi akiwa katikati ya moto. Nikapunguza presha, nikapiga honi kumwita atoke. Wakanitukana. Niliweka mkono juu ya mpira nikisikia maji yakipita ndani, na sijawahi kuwa mpweke namna ile.

Alitoka kinyumenyume, bado anamwaga maji mbele yake. Ghala liliteketea lote. Akakaa kando ya gurudumu, akakohoa, akasema, "Nilikuwa sikuoni, ila maji yalipokuwa yanakuja nilijua upo."

Hamisi tulimzika mwaka jana. Jioni nyingine nachukua simu nimpigie, halafu nakumbuka.

Kwa hiyo sijui kama wamekuonea, mama. Najua tu kwamba aliye ndani ya moshi atakuwa anakusikia.

Babu yako,
Yohana