Masikio ya Layla

Mombasa, 4 Machi 2023

Mama mpenzi,
Assalam aleikum, nakushika miguu. Mgongo umepata nafuu? Sisi wazima.

Layla ana mwaka na nusu, anatembea. Lakini nikimwita hageuki. Unakumbuka alivyozaliwa, mishipa ya mapafu ikakataa kufunguka, siku tisa kwenye mashine, mwili wote buluu. Daktari alisema waliopona vile waangaliwe kwa miaka. Wengine hubaki na shida ya masikio, wengine ya kujifunza. Hata leo akinyamaza, mimi humtazama rangi ya midomo kwanza.

Mwanao, Twahira

Chovai, 2 Aprili 2023

Mwanangu,
Waaleikum salaam. Barua ameileta Walidi, nahodha wa jahazi, kutoka Kismayu hadi huku kisiwani. Mgongo haujambo.

Kakako Mahmudi alianza kusema akiwa na miaka minne, na leo nani amnyamazishe? Usimtafutie mwana ugonjwa. Mchu akiponywa na Mungu ameponywa. Usimpeleke hospitali.

Mamako, Mwanalima

Mombasa, 19 Septemba 2023

Mama,
Salamu nyingi. Hali zetu si mbaya.

Nilikutii miezi mitano. Juzi nimempeleka. Sauti nyembamba hazisikii kabisa. Nikasema, "Alipotoka wodini alipimwa, akaonekana mzima." Daktari akajibu, "Kwa watoto hawa huja baadaye, polepole. Ndiyo maana tunawaita."

Amevalishwa mashine za masikio. Nikamwita, "Layla!" Akapiga ukelele, akamkimbilia nesi. Mama, ameisikia sauti yangu sawasawa mara ya kwanza, akaniogopa. Njoo.

Mwanao, Twahira

Chovai, 11 Februari 2024

Twahira,
Salamu naona haya kukupa. Tangu ile ya Septemba umeniandikia mara mbili, sikujibu.

Alipozaliwa, siku ya nne ya mashine ya kupumua, nilisema mbele ya kitanda, "Mwacheni apumzike." Ulinisikia. Usilolijua ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeshanunua sanda. Nilirudi nayo huku, iko sandukuni. Kila nikitoa nguo, naiona. Ulipoandika hageuki, nilijua: alisikia neno langu akayafunga masikio. Nilikukataza asipimwe nisije nikathibitishiwa. Nitamtazamaje?

Mamako

Mombasa, 3 Machi 2024

Mama,
Nakushika miguu. Natumai barua hii itakukuta salama.

Daktari asema ni ule ugonjwa, si neno la mtu. Na kama ni neno, basi la kwanza ni langu. Siku ya pili, wewe hujafungua mdomo, niliomba moyoni Mungu amchukue upesi, maana nilichoka kumtazama. Sijamwambia yeyote, hata Ghalib mume wangu.

Sanda mpe mwenye msiba. Layla sasa hulia nikimvua mashine. Ana neno moja tu, "maa", na humwita nalo kila mtu. Njoo akuite na wewe.

Mwanao, Twahira