Mbuzi wa Mama

Mwene-Ditu, tarehe 6 Oktoba 1996

Kwako Tata Kabamba, baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe pamoja na Mama. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti lako halikusumbui sana sasa mvua zinapoanza. Sisi huku tuko salama. Badibanga aliugua malaria mwezi uliopita, lakini ameanza tena kulalamikia upishi wangu, kwa hiyo najua amepona kabisa. Barua hii anaileta Omer, anayefanya kazi kwenye treni. Mpeni chakula. Ni mtu wa kuaminika, ingawa anaongea sana.

Tata, Kolwezi hainitoki moyoni. Huku hata bukari, ugali wetu, wanaitia muhogo mwingi, sijaizoea mpaka leo. Nakumbuka king'ora cha kazi asubuhi, nawe ukitoka na shati lililopigwa pasi. Nakumbuka Jumapili baada ya misa tulivyokwenda Nzilo kutazama maji ya bwawa, na Tata Tshiamala, baba yake Badibanga, aliyeendesha mashine mgodini, akikutania kwamba makarani wana mikono laini kama maharusi. Mlikula sahani moja. Hakuna aliyeuliza nani ametoka Kasai na nani ni wa Katanga. Nikiyakumbuka hayo nalia, wala sioni haya kukuambia.

Nakumbuka pia sheria yako: diploma kwanza, bwana baadaye. Nami nilikutii kwa namna yangu. Nilipokuwa Lubumbashi kusomea ualimu sikuolewa, nilihamia tu katika chumba cha Badibanga, ambaye alikuwa akisomea kemia. Wengi wetu wanafunzi tuliishi hivyo. Badibanga alisema watu waliosoma hawapimani kwa mbuzi, na mimi nikaona amesema jambo kubwa. Tuliporudi Kolwezi na Rachelle akazaliwa, mlikuja kwetu, mtaa wa Manika, kumwona. Ulisimama uani, ukakataa kiti, ukakataa hata maji, ukasema baba hali kwa mwanamume ambaye hajamtolea binti yake mali ya mahari. Mama alimpakata mtoto mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Badibanga alinuna siku nzima. Siku hizi nikiwakumbuka mlivyosimama pale natabasamu peke yangu.

Kisha ikaja ile miaka. Kazi za mgodini zikafa, mishahara ikakoma, na watu wakaambiwa kwamba njaa yao imeletwa na Wakasai. Kwa kuwa Badibanga ni Mkasai, tulifukuzwa nyumbani tukalala stesheni kwa wiki nyingi tukingoja treni ya kuja huku Kasai, watu wasiohesabika kwenye mvua, na surua ikichukua watoto. Ulikuja ukipita katikati ya matandiko ya watu, ukasimama mbele ya Badibanga, ukamwambia kwa sauti ya chini: "Mutoto ni wa kwetu. Haukutoa hata kuku. Mi namubeba." Mtoto ambaye mama yake hakutolewa mali ni wa ukoo wa mama, na Badibanga alilijua hilo, pamoja na diploma yake yote. Mimi pia uliniita nirudi nyumbani, nikachagua treni. Ni yeye mwenyewe aliyekuwekea Rachelle mikononi. Njiani tulizika watoto wa jirani zetu. Wetu alikuwa kwako, anakula.

Sasa pokea habari uliyoingoja siku zote. Badibanga amepata kazi katika duka la dawa, na ukoo wake umekubaliana. Mjomba wake, Tata Tshilombo, atafika kwenu baada ya Noeli kuleta mali yote. Mbuzi atawanunua huko huko, pamoja na yule wa Mama, wa kumshukuru kwa kunibeba tumboni, na mbuzi huyo ndiye anayefunga mambo. Mkimpokea huyo, mimi ni mke wa mtu, na Rachelle ni wa baba yake. Tata Tshilombo atarudi naye. Badibanga ameshaanza kumtengenezea kitanda.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Tata, mimi nafundisha darasa la kwanza. Watoto wanakaa juu ya mawe, kitabu ni kimoja na ninacho mimi. Wakipata nguvu kidogo wavulana wanakwenda kuchimba almasi, wasichana wanawafuata kuuza chakula, na darasani hawarudi. Rachelle, kwa jinsi ulivyoniandikia wakati wa Pasaka, anasoma tayari majina ya maduka ya Manika, na jioni unamfundisha kama ulivyonifundisha mimi. Nikimleta hapa, atakuwa mtoto wa ndoa halali asiyejua kusoma.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo Badibanga halijui, wala asilijue. Wapokeeni wageni vizuri, kuleni nao, kubalini kila kitu. Ila akitolewa mbuzi wa Mama, Mama aseme amekonda, walete mwingine. Wakwe wana haki hiyo, na Tata Tshilombo hawezi kubisha. Mwaka utakaofuata Mama aone kasoro nyingine, ya pembe au ya rangi, mpaka Rachelle amalize shule ya msingi. Mimi nitaendelea kukaa na Badibanga kama tulivyokaa Lubumbashi, na wanawake wa hapa wataendelea kusema kwamba si mke wake. Hilo nimelizoea. Kuamka bila mtoto wangu sijakuzoea, na sidhani nitakuzoea.

Msalimie sana Mama, kaka yangu Gracien na wote wanaonikumbuka. Rachelle mbusu mashavu yote mawili, na Mama amsuke nywele, zisishikane.

Na ikitokea siku nikakuandikia barua nyingine ya kumtaka mtoto, Tata, hata nikikulilia ndani yake, usiisikilize. Sikiliza hii.

Binti yako anayekuheshimu,
Nkulu Fidélie