Mwanga Kutoka Kulia

Ifakara, 10 Mei 1906

Mdogo wangu Salimu,

Hujambo wewe? Macho yako yanaendeleaje, au umeshayaharibu kwa hiyo michoro ya Dar es Salaam? Sisi tu wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua.

Mama yuko palepale kwenye majivu ya nyumba yetu. Amejisimamishia kibanda cha matete na hataki kuondoka. Tangu baba alipovuka mto kuwatafuta wapagazi wake, vita vikamkuta huko asirudi, mama ana neno moja tu: "Akirudi atatukuta wapi?" Eda hataki kukaa, maana anasema hajafiwa. Mume wangu ana viazi shambani Lupiro, ng'ambo ya mto, na sisi huku tunachimba mizizi porini. Mama amekonda mpaka bangili zinampanda hadi kiwiko. Naogopa, Salimu. Nitamzika hapa.

Juzi kidogo amelegea. Amesema akipata picha ya nyumba yetu ya kushika mkononi, atavuka. Wewe ndiye mchoraji wa majengo ya serikali, basi ichore.

Dada yako,
Mwanaheri

Dar es Salaam, 22 Juni 1906

Dada yangu,

Shikamoo, na mama umfikishie shikamoo yake. Mimi mwili ni mzima, ila nikila nashikwa na aibu ya kushiba.

Picha hiyo hapo. Nimeichora kama tulivyofundishwa ofisini: jengo peke yake, mwanga utoke juu kushoto, kivuli kiangukie kulia, na chini ya upenu wino uwe mzito ili paa lionekane limetokeza. Kila jengo tunalichora hivyo. Mjerumani anayetusimamia ameitazama akasema ni kazi safi. Mama akiiona atafunga mizigo siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Salimu

Ifakara, 2 Agosti 1906

Salimu,

Marahaba. Kuulizana hali tukuache leo.

Mama ameitazama picha yako akasema, "Nyumba nzuri. Ya nani?"

Umelisahau ghala la mpunga? Lilikuwa ubavuni, kushoto. Jua la asubuhi halikuwahi kuugusa ukuta wa mbele. Mwanga tuliupata jioni, kutoka kulia, jua likishuka kwenye milima ya Udzungwa, ukapita chini ya upenu mpaka barazani alipokuwa anakaa baba. Na huo upenu umeutia weusi kama pango! Mama anasema ua wake aliufagia mpaka ukang'aa, na ndio uliokuwa unarudisha mwanga juu kwenye boriti. Kwa hiyo hatoki. Nimemkasirikia yeye, nimekukasirikia na wewe. Jana hakuweza kusimama bila kunishika bega.

Dada yako,
Mwanaheri

Dar es Salaam, 5 Septemba 1906

Dada yangu,

Shikamoo. Siulizi afya, naogopa jibu.

Nimeichora upya nikiwa chumbani kwangu, mbali na kanuni za ofisi. Ghala lipo. Jua ni la jioni. Wino nimeuchanganya na maji mengi, nikapaka tabaka nyembamba moja juu ya nyingine, na chini ya upenu nimeacha ule mwanga wa ua. Barazani sikupaka kitu. Weupe unaouona ni karatasi tupu.

Nilitaka kumchora baba pale. Nikaanza kwa penseli, nikafuta. Mtu ukimweka juani lazima umpe kivuli, na mkono wangu ulikataa.

Mdogo wako,
Salimu

Lupiro, 20 Oktoba 1906

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na hujambo? Umeona barua inatoka wapi? Tumevuka.

Mama aliisogeza picha yako mlangoni penye mwanga. Kisha akaweka kidole barazani. "Saa kama hii angekuwa amekaa hapa," akasema. Akakitafuta kivuli cha baba sakafuni, akakikosa. Akageuka akaniambia, "Mwanaheri, baba yenu amekufa." Hapo akalia kilio alichokizuia tangu vita, nami nikalia naye. Kesho yake mwenyewe aliniuliza mtumbwi uko wapi.

Sasa amekaa eda nyumbani kwangu. Anakula viazi na kulalamika kwamba sijui kutia chumvi. Nimefurahi kugombezwa, we acha tu.

Anaomba picha nyingine, ya nyumba hii. Hapa jua la asubuhi linatupiga kutoka kushoto na hakuna ghala la kulizuia, kanuni yenu ya ofisini itafaa. Lakini amekataza usiichore ukiwa huko. Anasema uje kwanza ukae barazani.

Dada yako,
Mwanaheri