Ng'ombe Aliyevuka Mpaka

Jumamosi, 14 Juni

Siku yangu ya kujulishwa kwa wakwe. Imeharibika!

Ukoo wa mchumba wangu Gradi, Wahunde, ulifika hapa kwetu Katoyi mapema, wamependeza. Msemaji wao, Muzee Zéphirin, akasimama. Kazi yake ni kuchekesha. Wahunde wakienda kuposa, wanamwita yeye. Akasema wamesikia kuna ng'ombe mzuri, yaani mimi, amevuka mpaka, ameingia malisho yao. Hawamfukuzi, wamekuja kumfunga kamba kwao. Upande wao kicheko, makofi! Upande wetu alicheka mjomba Damascène peke yake, tena kwa adabu tu. Papa akaweka Fanta yake chini. Akasema chakula kipo, kuleni. Habari za mahari tutaongea siku nyingine.

Siku nyingine ipi? Hakusema. Nimelia na poda yote usoni.

Jumapili, 15 Juni

Papa hakwenda misa. Nilimpelekea chai, akaniambia: "Miye nilizaliwa Masisi, papa yangu alizaliwa Masisi. Ule mupaka niliuvuka siku gani?"

Gradi kwenye simu: ni mzaha, chérie, kila harusi muzee anasema vile. Hata kwa Wanande, kabila jingine la huku, alisema, wakacheka mpaka machozi. Nikamwambia Wanande hawaambiwi barabarani warudi Rwanda, kama sisi Wanyarwanda tuliozaliwa huku Kongo. Anajua. Alikuwepo siku ile watu waliponifokea hivyo sokoni, alinishika mkono tukaondoka. Neno ni lile lile, lakini kwetu linagonga palipo na kidonda. Nilikata simu. Hasira!

Jumatano, 18 Juni

Papa ametoa sharti: Muzee Zéphirin aje mwenyewe aombe pardon, la sivyo hakuna ndoa. Jibu la muzee limerudi: hakutukana mtu, sisi tuna roho nyepesi. Mama anasema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Jioni Damascène akaja kututuliza. "Muachane nao! Muhunde, umupe ng'ombe, atauliza kwanza mukia unapikwa namna gani." Eti hawajui kufuga, wanajua kula tu. Tukacheka! Papa naye, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mimi nilicheka kuliko wote, chai ikanitoka puani. Halafu nikamwona Gradi akilini, amekaa kwenye kiti kile, anatusikia. Aibu ikanishika.

Nikamuuliza Mama hili letu lina tofauti gani na lile lao. Akasema wale hawalisikii. Jibu lote ndilo hilo. Lakini mtoto hufuata kabila la baba. Wanangu watakuwa Wahunde, watakaa humu humu na bibi yao, nao watalisikia. Naogopa.

Jumamosi, 21 Juni

Amekuja! Muzee Zéphirin na Gradi, wawili tu, bila kelele. Muzee amevua kofia, ameomba pardon — vizuri, kwa moyo. Amesema hakufikiria neno lile lingemchoma nani. Papa akaanza kulegea. Mimi nikaanza kupumua.

Kisha muzee akauliza kwa upole: "Na humu ndani, Papa ya Igihozo? Juu yetu Bahunde, hakuna mutu anasemaka kitu?"

Papa akasema hapana. Upesi mno. Hapa tunaheshimu watu, akasema. Damascène akatazama dari.

Gradi akanigeukia mbele ya wote: "Igihozo, ni kweli?"

Nikasema naleta chai. Niko jikoni, naandika nimeegemea mlango ili usifunguliwe. Chai iko tayari zamani. Nikisema ni kweli, naingia kwao na uongo, na Gradi atauona usoni. Nikisema si kweli, namvua Papa nguo mbele ya wakwe, na bila yeye hakuna wa kunioza.

Mama amesukuma mlango, amechukua thermos. "Sema ni kweli, mutoto wangu. Ndoa ipite kwanza."

Papa ananiita. Si kwa ukali, ni kama anaomba. Sijawahi kusikia Papa akiomba.