Ukuta wa Bi Time

Kaka Haji,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, maana huku Pemba salamu imekuwa adimu.

Wewe huwafunza wanafunzi wako kwamba lugha moja hufanya watu wamoja. Njoo Tibirinzi ujionee. Nimefikia kwa Bi Time, shangazi wa mume wangu. Mdogo wake wa tumbo moja, Bi Riziki, yuko nyuma ya ukuta wa udongo. Waume zao wameingia vyama viwili vya siasa vinavyohasimiana, na kila mmoja kaapa: mke atakayemwamkia nduguye, talaka. Ndugu hao wakiwa na neno la kuambiana humtuma dobi, Mhindi aliyekuja juzijuzi, ambaye Kiswahili ndiyo kwanza anakiokota.

Jana asubuhi mtoto wa Bi Riziki kafa kwa homa. Kilio kilipita ukutani, kila neno tulilisikia, na Bi Time akaendelea kupeta mchele. Nikachukua buibui langu.

"Ukenda huko nawe watoka nyumbani mwangu, naachwa miye," akasema.

Nikaketi, kaka.

Saa nne dobi akaja na kanzu zilizopigwa pasi. "Bibi, toto ya dada yako nakufa."

Hapo ndipo Bi Time alipoutupa ungo akalia, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. "Nenda kampe pole yangu."

Mhindi wa watu akaenda. Tukamsikia ng'ambo ya ukuta, akitafuta maneno.

Nibusie wanao. Na kesho, kabla hujashika chaki, mwamkie jirani yako.

Mdogo wako,
Mwanaisha